Papasi na Njia ya Kilwa

Historia ya Kilwa, kama ilivyozoeleka kusomeshwa katika shule zetu, huanza na majumba. Mwalimu huanza na Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Husuni Kubwa, akamtaja Ibn Battuta aliyeuzuru mji huo mwaka 1331, akaja kwa Wareno walioushambulia mwaka 1505, kisha akavuka maji hadi Kilwa Kivinje ya karne ya 19, mji uliokuwa mlango wa pembe za ndovu na wa watumwa waliotoka pande za Nyasa kwenda Unguja. Hatuna ugomvi na mpango huo wa masomo. Walakini mwanafunzi aliyeyafahamu hayo yote bado hajaulizwa swali moja dogo: watu waliozileta pembe hizo mabegani, na watu walioletwa shingoni mwao mna kongwa, walilala wapi usiku?

Swali hili laonekana la kitoto. Tumelichagua kwa makusudi, maana jibu lake limo ndani ya nyufa za viambaza na katika vumbi la sakafu za makambi ya kale. Humo mlikaa mdudu ambaye hakuna mfalme wa Kilwa wala liwali wa Unguja aliyemtoza ushuru, naye alipokea sehemu yake katika kila msafara. Jina lake ni papasi, na homa aletayo huitwa homa ya papasi.

Papasi si kupe yule tunayemwona masikioni mwa mbwa na katika ngozi ya ng'ombe, ingawa wawili hawa ni wa ukoo mmoja. Kupe wa mifugo ana ngao ngumu mgongoni. Hukwama mwilini kwa siku kadhaa, akavimba hadharani, na mkono wa mtu waweza kumng'oa. Papasi hana ngao. Ngozi yake ni laini yenye mikunjo, rangi yake ni ya udongo mkavu, na akishiba hufikia ukubwa wa kunde. Mchana hujificha katika ufa, chini ya jamvi, au ndani ya vumbi penye giza. Usiku, watu wanapolala, hutoka, akanyonya kwa muda wa nusu saa hivi, mara huzidi, akarudi alikotoka kabla mwenye damu hajaamka. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno kupe lilikuwa silaha ya wasemaji na watunzi wa mashairi. Kila mnyonyaji alipewa jina hilo, nasi tulilitumia bila ubahili. Lau tungalimfikiria papasi vizuri, pengine tungalimchagua yeye. Kupe huonekana akila.

Tukilisikiliza neno lenyewe kwa sikio la mshairi, twasikia kitenzi kupapasa kikipita ndani yake: mkono unaotafuta gizani, au miguu midogo inayotambaa juu ya ngozi ya aliyelala. Sarufi na iseme itakavyo. Sikio limekwisha ridhika.

Homa yenyewe huanza ghafla, aghalabu wiki moja baada ya kuumwa. Mtu hushikwa na baridi ya kutetemeka, kichwa kikamgonga, viungo vikamuuma, mwili ukawaka moto. Baada ya siku tatu hivi hutokwa jasho jingi, homa ikaondoka kama mgeni aliyeaga. Mgonjwa akanywa uji, akasimama, akasema amepona. Zikapita siku saba, pengine zaidi, homa ikabisha hodi tena. Yaweza kurudi mara mbili, mara tano, na hata kuzidi, kila mara ikimkuta mtu amepungua nguvu. Siku hizi sababu yake yajulikana. Kijidudu kiletacho homa hii ni chembamba kama uzi uliosokotwa, nacho huogelea ndani ya damu. Mwili ukishakitambua na kukishinda, vichache miongoni mwao huwa vimekwisha badili vazi la nje. Walinzi wa damu hawavitambui, vikazaana upya, na vita vikaanza tena tangu mwanzo.

Tumwazie basi mpagazi wa njia ya Kilwa katika hali hiyo. Njia ile ilitoka Kivinje, ikapita nchi za Wamatumbi, Wangindo na Wamwera, ikaingia kwa Wayao hata ikafika Ziwa Nyasa. Na kusini yake Lindi na Mikindani nazo zilikuwa na njia zao zilizofuata Ruvuma, ambako Livingstone alipita mwaka 1866. Wayao hasa ndio waliokuwa mabingwa wa safari hizo. Kilichosafirishwa kilisafirishwa kwa mgongo wa binadamu, na sababu yake ni mdudu mwingine. Nyika za kusini zilijaa mbung'o, naye mbung'o aliua ng'ombe, farasi na hata punda. Mahali ambapo mnyama hawezi kuishi, mtu ndiye aliyekuwa mnyama wa mizigo. Hivyo mbung'o alimwandalia papasi karamu. Kama mizigo ingalivutwa na maksai, mamia ya watu wasingalilala chini kila usiku katika kambi zile zile zilizolaliwa na msafara wa jana.

Tena papasi naye alisafiri. Yeye mwenyewe hatembei mbali; maisha yake yote aweza kuyamaliza katika chumba kimoja. Lakini mpagazi alibeba mkeka wake, na ndani ya mikunjo ya mkeka, katika matandiko na katika vifurushi vya nguo, papasi alijificha akabebwa bure. Kambi iliyokuwa safi mwezi huu ilipata wapangaji mwezi ujao. Kwa njia hiyo, biashara iliyounganisha bara na pwani iliunganisha pia ufa na ufa.

Wapagazi huru walau walipata ujira na wangeweza kuchagua pa kutandika. Watumwa hawakuwa na uchaguzi. Hesabu zilizowekwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zilionyesha kwamba katika muda wa miaka mitano, kuanzia 1862 hadi 1867, watumwa wapatao 97,000 walipitishwa Kilwa. Hao ni waliofika na kuandikwa katika vitabu vya ushuru. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Jambo hilo ni la kheri, nasi hatulipunguzii heshima yake. Ila matokeo yake ya kwanza yalikuwa machungu, kwani wafanyabiashara wa Kilwa waliwageuza watumwa wakawapeleka kwa miguu kuelekea kaskazini. Mwingereza mmoja, Frederic Elton, aliyesafiri kwa nchi kavu kati ya Dar es Salaam na Kilwa, alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 waliopita njia hiyo katika mwezi mmoja tu, kati ya Desemba 1873 na Januari 1874. Safari ambayo kwa jahazi ingalikuwa ya siku chache iligeuka kuwa mausiku mengi ya kulala ardhini, watu wamefungwa pamoja, hawawezi hata kugeuka ubavu. Ni wangapi kati yao walioanguka njiani kwa homa hii, wangapi kwa njaa, kwa tumbo la kuhara, kwa ndui, kwa fimbo? Aliyeanguka hakuandikwa.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atue kidogo. Homa hii, kwa lugha za Ulaya, ilipewa jina kutokana na tabia yake ya kurudi. Ni jina la daktari aliyesimama kando ya kitanda akihesabu siku. Lilianza kutumika huko Scotland mwaka 1843, katika maradhi ya mjini yaliyoletwa na chawa. Jina letu sisi ni la namna nyingine kabisa. Kiswahili hakikusema homa ya kurudi. Kilisema homa ya papasi. Kilimtaja mhusika. Neno papasi limo katika kamusi za Kiswahili zilizotungwa na wamisionari kabla ya mwaka 1904, nao waliliokota midomoni mwa watu wa misafara na wa majumbani. Watu hao hawakuwa na hadubini. Walikuwa na kambi mbili, moja yenye papasi na moja isiyokuwa nao, na walikuwa na kumbukumbu ya nani aliugua baada ya kulala wapi. Livingstone naye, katika kitabu chake cha mwaka 1857, aliandika juu ya kuumwa na mdudu wa namna hii huko Angola na maumivu yaliyofuata. Lakini maarifa ya mpagazi, na hata ya msafiri aliyeyaandika, yalihesabiwa kuwa masimulizi tu kwa karibu miaka hamsini.

Wataalamu walipofika walifika kwa pamoja, katika muda usiozidi miezi kumi na minane. Mwaka 1904, huko Uganda, madaktari Ross na Milne waliitangaza homa ya papasi kuwa maradhi yaletwayo na kijidudu chenye umbo la uzi uliosokotwa, mfano wa kile alichokuwa amekiona Obermeier mjini Berlin mwaka 1868 katika damu ya wagonjwa wa homa ya chawa. Wakati huo huo Dutton na Todd, waliotumwa na Chuo cha Maradhi ya Nchi za Joto cha Liverpool, walikuwa Kongo ya Mashariki wakiifuata homa hiyo hiyo. Walithibitisha kwa majaribio kwamba papasi ndiye mwambukizaji. Wote wawili waliugua wakiwa kazini, na Dutton alifariki tarehe 27 Februari 1905 huko Kasongo, mji wa Manyema ambao watu wa Tippu Tip walikuwa wameufanya kitovu cha biashara na cha Kiswahili. Mwaka 1906 kijidudu kile kikapewa jina lake, nacho hadi leo huitwa Borrelia duttonii. Twamheshimu marehemu, maana alikufa akitafuta jambo lenye manufaa. Lakini waliowaonyesha wageni hao sakafu za kuchimbua, waliokamata papasi kwa vidole, na wagonjwa waliotoa damu, wao hawamo katika jina lolote.

Mtaalamu wa tatu alikuja hapa nchini. Robert Koch, daktari mkubwa wa Ujerumani aliyekwisha kugundua vijidudu vya kifua kikuu na vya kipindupindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1905. Hakuwa mgeni kabisa. Mnamo mwaka 1897 alikuwa amechunguza hapa hapa maradhi ya ng'ombe yaletwayo na kupe, akadhani ni yale yajulikanayo Marekani kuwa homa ya Texas, na baadaye ikabainika kuwa ni maradhi mengine, ambayo wafugaji wetu huyaita ndigana kali. Hata wakubwa hukosea. Safari hii hakukosea. Alizifuata njia za misafara zinazotoka Dar es Salaam kwenda bara, akazichunguza nyumba za kulala wasafiri, akachimbua vumbi, akapasua papasi kwa mamia. Aliona kwamba vijidudu huingia katika mfuko wa mayai wa papasi jike, vikapenya ndani ya mayai yenyewe. Watoto wa papasi, ambao tangu waanguliwe hawajawahi kuonja damu ya mgonjwa, aliwaweka juu ya nyani; nyani wakaugua. Kwa maneno mengine, papasi huwarithisha wanawe sumu pamoja na nyumba.

Ugunduzi huo ulieleza jambo kubwa juu ya njia zetu. Kambi iliyoachwa haikuwa salama kwa kuachwa kwake. Papasi mkubwa aweza kukaa bila chakula kwa miaka, hata mitano na zaidi, akiwa hai na kijidudu kikiwa hai ndani yake. Koch aliwashauri wasafiri wasilale katika mabanda ya zamani, bali wapige hema hatua chache kando. Ni ushauri mwema, na kwa mwenye hema ni rahisi kuufuata. Mpagazi hakuwa na hema. Alikuwa ndiye aliyelibeba.

Mwaka ni huo huo 1905. Mwishoni mwa Julai, watu wa Nandete katika milima ya Matumbi, wilaya ya Kilwa, waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro. Vitabu vya elimu ya tiba huueleza mwaka ule kuwa mwaka wa mayai ya papasi. Vitabu vyetu vya historia huueleza kuwa mwaka wa maji. Twasoma kitabu kimoja asubuhi na cha pili jioni bila kukumbuka kuwa ni nchi moja na serikali moja. Mwezi Desemba Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, na huku kusini majeshi ya Kijerumani yalikuwa yakichoma vijiji na maghala ya nafaka. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Waliokadiria kwa upande wa Wajerumani walitaja watu 75,000; mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya habari kwa wazee wa Kilwa na Matumbi katika miaka ya 1960, aliifikisha hesabu kati ya 250,000 na 300,000.

Hatusemi kwamba ugunduzi wa Koch ulikuwa wa uongo kwa kuwa serikali iliyomlinda ilikuwa ya kikatili. Kweli haibadiliki kwa sababu ya mkono ulioishika. Tunalosema ni kwamba kweli ile haikumfaa mara moja yule aliyekuwa ameishi nayo. Koch mwenyewe aliona kuwa wenyeji wa kandokando ya njia hawakuonekana kuugua sana kama wageni, akahukumu kwamba walikuwa wamepata kinga tangu utoto. Hukumu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, nayo ilisomwa haraka mno na watawala: wenyeji wamezoea, hatari ni ya Wazungu na ya askari. Kinga ile ililipiwa na nani? Uchunguzi uliofanywa baadaye, hasa katika hospitali za mikoa ya kati na ya Ziwa katika miaka ya 1990, umeonyesha kuwa homa ya papasi huwashika kwa ukali watoto wadogo na wanawake wajawazito. Mimba huharibika, na vichanga huzaliwa na homa na kufa. Aliyefika utu uzima akiwa na kinga ni yule aliyenusurika. Wenzake walizikwa wangali wadogo, na msafiri aliyepita kijijini hakuyaona makaburi yao madogo.

Vita Kuu ya Kwanza iliirudisha misafara kwa wingi usiopata kuonekana. Waingereza waliiteka Kilwa na Lindi mwezi Septemba 1916, wakazifanya bandari za vita. Kutoka huko vikosi vyao viliingia bara mwaka 1917, wakapigana Narungombe mwezi Julai na Mahiwa mwezi Oktoba. Nyuma ya kila askari palikuwa na wabebaji. Wanahistoria hukadiria kuwa wabebaji wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vyote vya Afrika Mashariki hawakupungua 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, vichomi na malaria. Homa ya papasi ilikuwamo katika orodha ya madaktari wa jeshi, na askari waliamriwa wasilale katika vibanda vya vijijini. Amri iliwahusu askari.

Msomaji huenda atauliza habari za chawa. Homa ya chawa ni dada wa homa ya papasi, wala si mtoto wa nyumba hii ya pwani. Kijidudu chake ni Borrelia recurrentis. Chawa wa nguoni hamwambukizi mtu kwa kumuuma. Humwambukiza anapopondwa, damu yake ikaingia katika mkwaruzo au machoni. Tena, tofauti na papasi, hawarithishi wanawe. Kwa hiyo homa ya chawa haikai nyumbani ikingoja. Huenda na watu, katika baridi, katika msongamano, katika nguo zisizovuliwa. Ni homa ya vita, ya magereza na ya wakimbizi. Katika miaka ya 1920 ilivuma toka Afrika Magharibi hadi Sudani, ikaua watu wengi mno; baada ya mwaka 1943 ilienea Afrika Kaskazini na kuingia Ulaya; na makao yake ya kudumu ni nyanda za juu za Ethiopia. Mwaka 2015 ilionekana tena Ulaya miongoni mwa vijana wa Eritrea, Somalia na Ethiopia waliopita Libya na kuvuka bahari. Watu wa Kilwa na Lindi, waliovaa shuka na kanga katika joto, wakaoga na kufua mara kwa mara, hawakumpa chawa wa nguoni nafasi kubwa. Na wataalamu waliolinganisha asili za vijidudu hivi viwili mwaka 2008 walikuta kuwa kile cha chawa ni kama kile cha papasi kilichopoteza sehemu ya urithi wake. Yaelekea basi kwamba zamani sana kijidudu cha sakafuni kilipanda nguoni kikaanza safari. Wapagazi wasingalishangaa.

Wanyama nao hawakusahauliwa. Kuku wana homa yao ya namna hii, iletwayo na papasi wa mabandani, nayo ilitambuliwa mwaka 1903. Ng'ombe nao wana yao, ingawa si kali. Papasi wa porini hukaa katika mashimo ya ngiri, na humo hubeba pia maradhi mengine yasiyokuwa na undugu na homa hii, yaani homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliyaeleza Kenya mwaka 1921: ngiri hayamdhuru, nguruwe wa kufugwa humwangamiza. Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa kijidudu cha homa ya papasi ya binadamu hakina mwenyeji mwingine ila mtu na papasi wake. Miaka ya karibuni vinasaba vyake vimeonekana katika damu ya kuku na nguruwe wa vijiji vya Tanzania ya kati. Kuku wanaolazwa ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi na vicheche yafaa wachunguzwe kwa jicho jingine.

Tiba ya homa hii si ngumu. Dawa za arseniki zilitumika tangu mwaka 1910, zikafuatiwa na penisilini na tetrasaiklini; dozi ya kwanza huweza kumtetemesha mgonjwa kwa ukali kwa saa chache, kwa hiyo hutakiwa awe chini ya uangalizi. Kinga yake imo katika kazi ambazo mama zetu walizijua kabla ya dawa kuja: kukandika kiambaza pindi kinapopasuka, kusiriba sakafu, kuanika mikeka na majamvi juani, kulala kitandani badala ya ardhini. Saruji na bati vimefanya zaidi. Mahali penye sakafu isiyokuwa na ufa, papasi hana mji. Nyumba za fito na udongo zimepungua Kilwa na Lindi, hasa tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003 na saruji ikawa yapita kwa lori, lakini hazijakwisha.

Jambo moja linatutia mashaka. Zamani mgonjwa wa homa alipofika zahanati iliyokuwa na hadubini, tone lake la damu lilitandazwa juu ya kioo, na mpimaji aliyetafuta malaria aliweza kuona, pembeni mwa chembe za damu, uzi uliosokotwa ukicheza. Kipimo cha haraka cha malaria, kilichoenea katika zahanati zetu katika karne hii, kimeokoa maisha mengi, nasi hatukilaumu. Ila kimefundishwa kuuliza swali moja tu. Kikijibu kwamba hakuna malaria, hakina la kuongeza. Mgonjwa hurudi nyumbani, siku ya tatu homa ikamwacha, wote wakashukuru. Atakaporudi wiki ijayo, ataandikwa kuwa ni mgonjwa mpya. Muuguzi kijana, aliyesomea mjini na kulelewa katika nyumba ya saruji, huenda hajapata kulisikia neno papasi. Na bibi aliyemleta mjukuu, ambaye analijua, hajaulizwa mtoto alilala wapi.